Usiku wa bendi Dar es Salaam: umfuate nani, ufike saa ngapi, ukae wapi

Anayetoka kwenda kusikiliza bendi Dar es Salaam akarudi amenuna, mara nyingi kosa lake ni moja: alichagua ukumbi, hakuchagua bendi. Kumbi za hapa ni kama nyumba za kupanga. Ijumaa kuna dansi, Jumamosi harusi, Jumapili mechi kwenye skrini kubwa, na mwezi ujao ukumbi huohuo umezungushiwa mabati unajengwa upya. Mango Garden ya Kinondoni ilijulikana miaka na miaka kama nyumbani kwa bendi ya Twanga Pepeta, DDC Kariakoo kama nyumbani kwa Sikinde, Travertine ya Magomeni kama uwanja wa taarab. Majina hayo yanafaa kumwelekeza dereva, lakini si ahadi kwamba Jumamosi hii utakuta jukwaa. Kinachofuatwa ni bendi, popote itakapofunga vyombo.

Ujue kwanza unataka kusikia nini

Bango likisema "muziki laivu" linaweza kumaanisha mambo yasiyofanana hata kidogo, na hapa ndipo wageni wa starehe hizi hupotea.

Kuna dansi la wakongwe. Hapa majina ni mawili na mashabiki wake wamegawanyika kama Simba na Yanga. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi ikabaki Msondo. Sikinde, yaani DDC Mlimani Park Orchestra, ilizaliwa mwaka 1978 kwenye baa ya Mlimani Park kabla ya kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Zote mbili zimejipa majina ya ngoma za Pwani, na wanamuziki wamehama huku na huku kiasi kwamba marehemu Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, ana historia katika bendi zote mbili. Alama ya dansi hili ni mapulizo. Ukifika ukaona tarumbeta na saksafoni zimelala kwenye viti vya wanamuziki, umefika penyewe.

Kuna dansi la kizazi kilichofuata, lenye kasi ya Kikongo: Twanga Pepeta, ambayo jina lake rasmi ni African Stars, na FM Academia walioitwa Wazee wa Ngwasuma. Hapa mapulizo yameachia nafasi kinanda, rapa anapiga kelele za kuchochea, na wanenguaji wana sehemu kubwa ya onyesho kuliko mwimbaji. Ukimpeleka mzee wa Msondo huku atakuambia ni makelele. Ukimpeleka kijana wa Twanga kwenye Msondo atauliza muziki unaanza saa ngapi.

Kuna taarab ya kisasa, ambayo tutairudia kwa sababu ina sheria zake. Kuna mchiriku, au mnanda, wa kinanda kidogo cha Casio, ngoma kali na vipaza sauti vilivyosukumwa mpaka vinakwaruza. Jagwa Music ndio waliousafirisha hadi majukwaa ya Ulaya. Singeli imetokana na mitaa hiyohiyo ya kina Manzese na Tandale, na mapigo yake huvuka 200 kwa dakika. Ni muziki mzuri wa kutoka jasho, ila ujue kwamba mara nyingi ni mwimbaji na DJ. Ukiwa umelipa kuona gitaa, utasikitika.

Mwisho kuna bendi za hoteli na baa za Masaki, Mikocheni na Oysterbay. Hawa hupiga nyimbo za watu wengine: rumba ya Kongo, bongo fleva, zilipendwa kidogo. Wapo wapiga vyombo wakali sana humo, kwa kuwa wanapiga usiku nne au tano kwa wiki. Tatizo lao ni meza za mbele, ambako watu huongea kwa sauti kuliko bendi. Anayetaka kusikiliza kwa utulivu, bila moshi wa sigara na bila kukesha, aangalie ratiba ya Alliance Française pale Upanga au Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanzishwa mwaka 2008. Huko maonyesho huanza mapema na kuisha mapema, na mara nyingi unakutana na vikundi vinavyopiga tungo zao wenyewe ambazo baa haziwezi kuvumilia.

Kutafuta wanapiga wapi

Anza Jumatano. Bendi nyingi hutangaza wikiendi yao kwenye Instagram na kwenye status za WhatsApp za viongozi wake, na bango lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme au ukuta wa Kinondoni bado lina kazi yake. Soma tarehe kwenye bango, si siku tu. Mabango hayabanduliwi, na "Jumamosi hii" iliyoandikwa pale inaweza kuwa ya miezi mitatu iliyopita.

Siku yenyewe, mchana, piga simu ya ukumbini. Uliza mambo manne na usikubali jibu la jumla. Bendi gani inapanda? (Wakikujibu "bendi kali sana" hawajui, au ile ya kwenye bango imeghairi.) Vyombo vimeshafika? Kiingilio ni fedha au ni kinywaji? Jukwaa liko ndani au nje? Swali la vyombo ndilo lenye manufaa kuliko yote. Bendi isiyo na vyombo vyake hukodi, na vya kukodi huja vikitoka shughuli nyingine. Kama saa kumi na moja jioni bado havijafika, usitegemee wimbo wa kwanza kabla ya saa tano usiku.

Mpangilio wa wiki una kanuni yake hata kama kumbi zinabadilika. Jumatano na Alhamisi bendi hupiga sehemu ndogo, kiingilio cha chini au hakuna, na waimbaji wakubwa wakati mwingine hawaji. Ijumaa na Jumamosi ni usiku wa kazi. Jumapili kuna bonanza, ambalo huanza alasiri na kuisha mapema kidogo kwa ajili ya watu wa kazini. Leaders Club ya Kinondoni ilijijengea jina kwa mabonanza ya aina hii. Kwa mtu anayeenda mara ya kwanza, au mwenye watoto nyumbani, bonanza la Jumapili ndilo tunalolipendekeza bila kusita: unaona bendi nzima, unakula nyama choma kukiwa na mwanga wa kuona unachokula, na unarudi usafiri ukiwa bado upo.

Mwezi wa Ramadhani kumbi nyingi za dansi na taarab husimama. Bendi huutumia kufanya mazoezi na kutunga, halafu Idi Mosi na Idi Pili zote hulipuka kwa pamoja na nyimbo mpya. Krismasi na Mwaka Mpya ni hivyohivyo. Siku hizo ndizo huwekwa mipambano, Msondo na Sikinde ukumbi mmoja, zikipokezana jukwaa. Ukienda kwenye mpambano fika mapema kuliko kawaida, kwa sababu meza huisha, na ujue umekaa upande wa mashabiki gani kabla hujaanza kushangilia.

Kwa nini bendi huchelewa kuanza

Bango linasema saa mbili usiku. Unafika saa mbili, unakuta mtu mmoja anafunga nyaya na mwingine anasema "moja, mbili, cheki" kwa dakika arobaini. Huu si uzembe mtupu, una hesabu ndani yake.

Katika kumbi nyingi mapato ya mlangoni ni ya bendi, na mapato ya vinywaji ni ya mwenye ukumbi. Bendi yenye watu ishirini, wakiwemo waimbaji, wapigaji, wanenguaji, fundi mitambo na mbeba vyombo, haiwezi kupiga nyimbo zake bora mbele ya meza sita. Mwenye ukumbi naye anataka watu wafike, wakae, waagize. Kwa hiyo kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu hivi husimamishwa waimbaji chipukizi, na bendi hupasha moto kwa nyimbo za kukopi. Waimbaji wenye majina hupanda ukumbi ukishajaa, saa tano kwenda juu. Kilele cha usiku ni kati ya saa sita na saa nane. Baada ya hapo kuna wanaokesha mpaka che, lakini waimbaji wameshachoka na gitaa la solo linazunguka palepale.

Hivyo ukitaka kiti kizuri fika saa tatu na nusu. Ukitaka muziki tu, saa tano kasorobo. Ukifika saa saba utalipa kiingilio kilekile na utasimama.

Na kwa kuwa kiingilio ndicho mshahara wa bendi, usibishane mlangoni kuomba upunguziwe, na usitafute mlango wa jikoni. Dansi la uswahilini kwa kawaida ni shilingi 5,000 hadi 10,000. Taarab na maonyesho ya sikukuu huwa juu ya hapo. Ukiambiwa "kiingilio kinywaji chako", maana yake mwenye ukumbi amewalipa wanamuziki kwa mkupuo na anazirudisha fedha zake kwenye bei ya bia na soda. Soma bei kabla ya kuagiza, usione haya.

Habari ya bili: sehemu nyingi ni lipa ndipo upewe. Pale ambapo hesabu inafanywa mwisho, chupa tupu hubaki mezani na ndizo ushahidi. Usiruhusu ziondolewe wala usikubali za jirani zisogezwe kwako. Jifunze jina la mhudumu wako na ushikamane naye huyohuyo. Katika giza la ukumbi, wahudumu watatu kwa meza moja ni bili tatu.

Mahali pa kukaa

Hili watu hulidharau, na ndilo linaloharibu masikio na muziki kwa pamoja. Jukwaa la kawaida la dansi lina maspika makubwa mawili ya rundo, kushoto na kulia, na nyuma ya wapigaji kuna vipaza vya magitaa na besi. Sauti ya waimbaji hutoka kwenye yale ya pembeni tu. Ndiyo maana anayekaa mbele kabisa katikati, akidhani amepata nafasi ya kifalme, husikia gitaa na ngoma tupu huku mwimbaji akionekana anafungua mdomo. Anayekaa mbele ya rundo la kushoto husikia kila kitu kwa mpigo mmoja wa ngumi.

Nafasi nzuri ni hatua kama kumi na mbili hadi kumi na tano kutoka jukwaani, ukiwa umbali sawa na maspika yote mawili. Ukimwona fundi mitambo yuko katikati ya ukumbi na meza yake, kaa karibu naye. Anapanga sauti kwa masikio yake, na utasikia anachosikia yeye. Lakini mara nyingi huwekwa ubavuni mwa jukwaa kwa sababu nyaya ni fupi. Hapo mbinu hii haifanyi kazi, maana hata yeye hajui huku mbele kunasikikaje. Ikiwa mwimbaji amezama kabisa, mtu wa kumwambia ni huyu fundi, kwa upole, kati ya wimbo na wimbo: "Kaka, sauti ya mwimbaji haifiki huku." Atashukuru.

Ukumbi wa paa la bati bila dari hurudisha sauti, na besi inakuwa mvumo usio na noti. Sogea ukae kwenye ukingo ulio wazi. Mvua ikianza juu ya bati, bendi huongeza sauti kushindana nayo, na hiyo ndiyo saa ya kutoka nje kula mishkaki.

Kuhusu masikio: sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia kwa muda wa saa nane, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho ukumbi uliochangamka hufika bila shida, unabaki na robo saa. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Kivingirishe kwa vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kwa nusu dakika kitanuke. Pamba haizuii vya kutosha. Ukitoka usiku huo masikio yanalia kama nzige, ujue ulikaa karibu mno.

Ndani ya wimbo

Wimbo wa dansi la zamani una vyumba viwili, na asiyejua hilo hucheza chumba kisicho chake.

Chumba cha kwanza ni cha kisa. Mwimbaji anaeleza: mke aliyeondoka, ndugu aliyesahau wema, mtu mwenye deni. Waimbaji wawili watatu wanaitikia kwa sauti zilizopangwa, mapulizo yanajibu mwisho wa kila beti, na gitaa linatembea polepole chini yao. Wakati huu watu husikiliza, au hucheza taratibu wawili wawili. Halafu, dakika ya tatu au ya nne, kisa kinafungwa. Gitaa la solo linachukua sentensi fupi na kuirudia, rhythm inaingia kwenye mapengo yake, gitaa la pili linajaza yaliyobaki, mpiga tumba anabadilisha mkono, na waimbaji wanabaki na kiitikio kifupi tu. Hiki ndicho chumba cha pili. Wanamuziki wa zamani walikiita chemko, na bendi zenye asili ya Kongo hukiita sebene. Ukumbi mzima unasimama kwa pamoja bila kuambiwa.

Kwa hiyo ukitaka kwenda msalani au kaunta, nenda kwenye ubeti wa kwanza wa wimbo usioujua. Ukinyanyuka chemko linapoanza utakutana na watu mia wakija upande wako. Na ukitaka kumjua mpiga gitaa mzuri usiangalie kasi ya vidole. Angalia kama anaweza kukaa kwenye sentensi moja kwa dakika mbili bila watu kuchoka.

Kucheza peke yako mbele ya bendi ni sawa kabisa, mwanamume au mwanamke. Kumwomba mtu mcheze, kama amekaa na wenzake, salimia meza yote kwanza. Akikataa, umekwisha jibiwa.

Kuomba wimbo kuna njia yake. Andika jina la wimbo kwenye karatasi, mpe MC au kiongozi wa bendi wakati wa mapumziko, pamoja na noti. Usimvute mwimbaji suruali akiwa katikati ya ubeti. Usiombe wimbo wa bendi pinzani. Kwenye Msondo utachekwa, na kwenye mpambano utazomewa. Ukitaka jina lako litajwe, lipa kabla na ulitamke pole pole mara mbili, la sivyo Mwakyusa atakuwa Mwakasege usiku kucha.

Taarab ina sheria zake

Taarab ya kisasa, ya kina Jahazi na iliyopata umbo lake kwenye ushindani wa vikundi vya TOT na Muungano miaka ya 1990, haina jeshi la wapigaji. Vinanda viwili, gitaa, besi, mapigo yaliyopangwa ndani ya kinanda, na safu ya waimbaji wanaopokezana. Wimbo mmoja unaweza kuvuka dakika kumi. Hauchezwi na ukumbi mzima kwa pamoja kama dansi. Shughuli yenyewe ni kutunza.

Iangalie kwa karibu kabla hujaingia. Mwanamke anasikiliza akiwa ameketi, mkono shavuni. Ubeti unafika kwenye neno fulani, la jirani mwenye choyo, labda, au la mume aliyerudi mwenyewe. Ananyanyuka. Hakimbilii jukwaani; anatembea kwa mdundo, noti ameinua juu kidogo ili ionekane, anazunguka karibu na meza fulani kuliko zilivyo nyingine, anafika kwa mwimbaji, anampa mkononi au anambandika kwenye paji la uso, anageuka, anarudi polepole zaidi ya alivyokwenda. Hajasema neno. Kila aliyepaswa kuelewa ameelewa.

Ndiyo maana mgeni asinyanyuke ovyo. Neno ulilolitunza limekuwa neno lako, na ukipita karibu na meza ya mtu kwenye ubeti wa kijembe, amehesabu kwamba umemrusha roho. Ukitaka kutunza kwa usalama, subiri ubeti wa kusifu au wa mapenzi mazuri, pita njia iliyonyooka, rudi. Badilisha fedha kabla ya kutoka nyumbani: noti kumi za 1,000 zina raha zaidi kuliko noti moja ya 10,000, kwani kila moja ni safari. Ukumbini chenji haipatikani, na anayeuza chenji hukata chake.

Mavazi ni sehemu ya onyesho. Vikundi vya akina mama huja na sare, kitambaa kimoja na kilemba kimoja. Mwanamume aliyevaa kaptula na ndala hataguswa, ila atahisi mwenyewe.

Anayetaka taarab asilia, ya udi, kanuni, fidla na akodioni, avuke bahari. Zanzibar ina Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958. Boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili na hazisubiri onyesho liishe, hivyo ni safari ya kulala huko. Mwezi wa Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kujulikana kwa kujaza Ngome Kongwe. Panga chumba mapema sana.

Kwenda na kurudi

Mabasi ya mwendokasi hufunga kabla bendi haijachemka, kwa hiyo yanafaa kwenda tu. Kurudi ni teksi ya mtandao au bajaji. Baada ya saa saba madereva wengi watakupigia kuuliza unaenda wapi kisha waghairi, au watataka bei ya mdomo. Kuwa na bei yako kichwani, na kubalianeni kabla hujakaa. Ita gari ukiwa ndani ya geti, ulinganishe namba za gari, ndipo utoke. Bodaboda saa hiyo, dereva naye akiwa amekesha, hatuipendekezi kwa nauli yoyote.

Wenye magari: egesha panapoonekana na mlinzi wa ukumbi, na mpe chake ukifika, si ukiondoka. Vioo vya pembeni na taa hung'olewa kwa sekunde. Usiache begi wala chaja kwenye kiti.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ulizia Jangwani kabla ya kutoka. Bonde likijaa maji, Barabara ya Morogoro hukatika kati ya Kariakoo na Magomeni, na mwendokasi nayo husimama. Aliye mjini anayetaka Magomeni azunguke kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, avuke Daraja la Salenda, ashike Kawawa pale Morocco ashuke nayo kupitia Kinondoni. Ongeza saa nzima kwenye mpango wako. Onyesho la nje usiku wa mvua huahirishwa bila tangazo, kwa hiyo ile simu ya mchana ipigwe tena saa moja jioni.

Simu yako ikae mfuko wa mbele, hasa kwenye chemko, watu wanapogusana. Mwanamke aliyekuja peke yake akae karibu na kaunta au karibu na fundi mitambo, afunguliwe chupa yake mbele ya macho yake, na akienda kucheza aimalize kwanza au aagize nyingine akirudi.

Bendi ikitangaza wimbo wa mwisho, kwa kawaida inabaki nyimbo mbili. Toka kwenye huo unaoitwa wa mwisho, kabla geti halijasongamana na nauli hazijapanda, au kaa kabisa. Wanamuziki wakianza kukunja nyaya, mama wa supu huwa ameshafunua sufuria nje, na baada ya bakuli moja na chapati mbili magari yamepungua na bei za madereva zimeshuka.